Somo chini ya mwembe: mwongozo wa kufundisha nje ya darasa kwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali

Mwambie mwanafunzi wa darasa la tano "toka nje" uone uso wake. Atajiuliza kwanza amekosa nini. Kwa mtoto wa shule zetu, nje ni mahali pa kufagia, kumwagilia maua, kupanga mstari na kupiga magoti. Kwa hiyo watu wanapokuja na semina za kutuambia watoto wanahitaji kutoka nje, mimi hucheka kidogo. Watoto wetu wako nje tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na fagio mkononi. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza swali wakiwa huko.

Jambo hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: wanafunzi washiriki kupanga, waone hesabu ya mavuno, wajifunze kutokana na makosa yao. Jembe likabaki, hesabu ikapotea njiani. Mwongozo huu unajaribu kuirudisha hiyo hesabu, na umeandikwa kwa mwalimu wa darasa la tatu hadi la saba mwenye watoto themanini au mia, asiye na bajeti, ambaye hawezi kukodi basi kwenda mbugani. Hapa hatuendi safari. Tunakwenda hatua hamsini kutoka mlangoni, kipindi kimoja cha dakika 40, tunarudi.

Kwanza, zunguka peke yako

Kabla hujamtoa mtoto hata mmoja, chukua daftari uzunguke eneo lote la shule mara mbili: saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Chora ramani ya mkono, isiwe nzuri. Weka alama mahali penye kivuli kwa kila saa, maana kivuli cha mwembe uliokukalisha vizuri asubuhi kitakuwa kimehamia upande wa vyoo mchana.

Kisha andika hatari kwa rangi nyingine. Uzio wa manyara unaonekana hauna neno, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni balaa. Mtoto akipatwa, osha jicho kwa maji safi mengi na umpeleke kituo cha afya bila kungoja. Tafuta upupu, manyigu chini ya paa, mzinga wa nyuki ndani ya mti, shimo la choo cha zamani lililofunikwa mbao. Angalia kama kuna mbono, kwa sababu watoto hula mbegu zake wakidhani ni karanga, na ni sumu. Ukimaliza utakuwa na ramani ya sehemu tatu au nne zinazofaa. Hizo ndizo "madarasa" yako; zipe majina na wanafunzi wayajue. Kwetu tuna Mwembeni, Kichuguuni na Bombani, na nikisema "kundi la tatu Kichuguuni" hakuna anayeuliza ni wapi.

Usibuni mada, ifuate ya azimio la kazi

Kosa la walimu wengi wenye moyo ni kutafuta mada mpya ya nje. Wiki mbili baadaye wako nyuma ya azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha, mwalimu wa taaluma anawatazama kwa jicho la pembeni, zoezi linakufa. Fungua azimio la mwezi huu, pitia mada zote, na kwa kila moja jiulize: kuna kitu hapa ambacho mtoto anaweza kukishika, kukipima au kukihesabu ndani ya uzio wa shule? Kwa mada nyingi jibu ni hapana, na hizo zifundishe ndani bila majuto. Ukipata mbili kwa mwezi zinatosha kabisa kuanzia.

Kwa kila mada uliyoichagua, andika swali moja tu. Likiwa na "na" katikati, hayo ni mawili, punguza. "Kuna aina ngapi za mimea ndani ya mita moja ya mraba chini ya mwembe?" ni swali. "Kuchunguza mazingira ya shule" si swali. Mtoto akitolewa nje na maneno hayo atachunguza mpira.

Swali lako liweke kwenye andalio la somo kama lilivyo, pamoja na mahali mtakapokuwa. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akifika na kukuta darasa tupu, andalio lililo mezani litakuzungumzia.

Maneno machache na mwalimu mkuu, na mengi na jirani

Kwa mwalimu mkuu peleka ramani yako na andalio moja. Usiombe ruhusa ya "programu". Omba kipindi kimoja cha Alhamisi. Akiona watoto wamerudi salama na wameandika, cha pili hakitakuwa na mjadala. Mkitaka kuvuka uzio, kwenda mtoni au sokoni, hapo ni habari nyingine: ruhusa yake ya maandishi, taarifa kwa wazazi, na mtu mzima wa pili. Anza ndani ya uzio.

Anayesahaulika ni mwalimu wa darasa la jirani. Watoto tisini wakipita dirishani kwake akiwa katikati ya kufundisha sehemu kwenye Hisabati, utakuwa umejitafutia adui. Mwambie siku moja kabla, na pitisha darasa lako nyuma ya jengo.

Vifaa vya bei ya chai

Kamba ya manila, mita kumi, yenye fundo kila mita. Fundo linakula kamba, kwa hiyo usipime mita kumi zote kwanza ndipo ufunge. Pima mita moja, funga, kisha pima tena kuanzia kwenye fundo. Kamba yangu ya kwanza niliitengeneza bila kujua hilo, na mita yangu ya kumi ilikuwa sentimita 91. Tengeneza kamba moja kwa kila kundi.

Halafu maboksi. Omba dukani maboksi matupu ya sabuni au biskuti, kata vipande vya ukubwa wa daftari na ubane karatasi kwa kibanio cha nguo. Mtoto hawezi kuandika juu ya goti huku upepo ukimpokonya karatasi. Ongeza vijiti vilivyonyooka vya mita moja, chupa tupu za maji za lita moja na nusu, rula, filimbi, ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Hivyo tu. Ukiona orodha yako inazidi hapo, unaahirisha.

Makundi: hapa ndipo somo linafia

Watoto 96 wakitoka nje kama watoto 96, umeshapoteza. Wagawe makundi kumi na mawili ya wanane, ukiwa darasani, siku moja kabla, na yasibadilike muhula mzima. Usiwaache wachaguane, utapata kundi la mabingwa na kundi la waliokataliwa na wote.

Ndani ya kundi kila mtoto awe na kazi yenye jina. Wawili wanashika vipimo, mmoja anasoma kipimo kwa sauti, mmoja anaandika, mmoja anarudia kukagua, mmoja ni mtunza vifaa, mmoja ni msemaji, na wa mwisho ni mtazamaji wa usalama, ambaye kazi yake ni kuangalia chini na juu: miba, siafu, nyigu. Kazi hizi zizunguke kila safari, hasa ya uandishi. Usipoizungusha, kalamu itashikwa na mtoto yuleyule mwenye mwandiko mzuri kuanzia Januari hadi Novemba. Na angalia wasichana wasiwe waandishi wa kudumu huku wavulana wakishika kamba.

Mgawanyo wa dakika 40

Tano za kwanza ni ndani ya darasa. Swali liko ubaoni, wanalinakili, unaonyesha jinsi ya kupima kwa mfano mmoja, unataja mipaka na ishara ya filimbi. Maelekezo yote yaishie hapa, kwa sababu ukishatoka hakuna atakayekusikia tena. Dakika tatu za kutoka, kundi kwa kundi. Kumi na saba za kazi. Tatu za kurudi na kunawa. Kumi na mbili zinazobaki ni za ndani tena: wasemaji wanatoa majibu, unayaandika ubaoni, mnabishana, kila mtoto anaandika kwenye daftari lake.

Hizo kumi na mbili ndizo somo lenyewe. Walimu wengi huzila kwa kuongeza muda wa nje, kengele inalia, watoto wanarudi na vumbi bila sentensi hata moja. Mzazi akifungua daftari jioni anakuta tarehe na jina la somo. Hapo ukiambiwa "mnacheza tu huko shuleni", utajibu nini?

Wakati mzuri ni kabla ya saa nne asubuhi. Mtoto mwenye ualbino asiachwe ndani kama njia rahisi ya kumlinda. Mpe kituo chenye kivuli, kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua. Losheni ya Kilisun inatengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Uliza hospitali ya wilaya. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu apangiwe kituo ambacho njia yake inapitika, na kundi lake lote liende huko pamoja naye.

Somo la mfano: ekari ya nani?

Hili nalipenda kuliko yote. Vijijini kwetu shamba la kukodi linapimwa kwa hatua: sabini kwa sabini ni ekari moja, kila mtu anajua. Wapeleke darasa la sita au la saba uwanjani, waambie kila kundi litoe mtu mmoja apige hatua sabini kwa mwendo wake wa kawaida, kisha umbali huo upimwe kwa kamba ya mafundo.

Ekari halisi ni mita za mraba 4,047 hivi. Mtu mzima mwenye hatua ya sentimita 91 akipiga sabini anapata mita 63.7, na akizidisha pande mbili anapata karibu kabisa na ekari. Mtoto mwenye hatua ya sentimita 60 anapata mita 42. Zidisha: 42 kwa 42 ni mita za mraba 1,764. Haifiki hata nusu.

Siku tulipofanya hivi, kundi moja lilipata mita 42 na jingine mita 51, wakaanza kutuhumiana wizi wa kamba. Niliwaacha. Wakapima kamba mbili sambamba, wakakuta ni sawa, wakageukia miguu. Mtoto mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Ndiyo maana mwenye shamba anamtuma mdogo wake mfupi kupima." Darasa likalipuka. Tuliporudi ndani hawakuwa na haja ya kuambiwa kwa nini eneo linaongezeka haraka kuliko urefu; walishajua nani anapunjwa na kwa kiasi gani.

Somo la mfano: siku ambayo kivuli kinapotea

Kwa siku za kawaida, kivuli ni cha kupimia urefu wa mti. Simamisha kijiti cha mita moja, pima kivuli chake, kisha pima kivuli cha mwembe dakika hiyohiyo. Kijiti kikitoa kivuli cha sentimita 60 na mwembe mita 7.2, gawanya 7.2 kwa 0.6 upate mita 12. Uwiano ule wa kitabuni sasa una majani.

Lakini kuna siku mbili kwa mwaka za kuweka alama kwenye kalenda. Tanzania yote iko kusini ya Ikweta, ndani ya ukanda wa joto, kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya kichwa mara mbili. Dar es Salaam na Morogoro ni siku za tarehe 3 au 4 Machi na tarehe 10 Oktoba hivi. Arusha ni kama tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba. Mwanza tarehe 14 Machi na tarehe 29 Septemba. Shule ziko wazi. Siku hiyo kijiti kilichosimama wima hakina kivuli mchana.

Ila usitoke saa sita kamili, utaaibika kama mimi. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua linatuchelewa. Mwezi Machi, Dar es Salaam linafika utosini saa sita na dakika 35 hivi, Morogoro saa sita na dakika 40, Mwanza karibu saa saba kasoro. Oktoba linawahi kidogo: Dar es Salaam saa sita na dakika 10. Toka nusu saa kabla, funga jiwe kwenye uzi ili kuhakikisha kijiti kimesimama wima, na watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kitafupika hadi kimeze mguu wake. Nami nilipouliza kimekwenda wapi, nilijibiwa kimeingia ardhini, na mwingine akachimba kidogo kwa kidole kuthibitisha. Ni mara moja tu nakubali kuwatoa watoto jua kali la mchana, kwa hiyo kofia au kanga kichwani, maji ya kunywa kwanza, na wasitazame jua hata kwa sekunde.

Masomo mengine kwa ufupi

Hata darasa la kwanza na la pili waandike herufi mchangani kwa kijiti na wahesabu kwa kokwa za ukwaju. Kufuta hakugharimu kifutio. Kwenye Sayansi, funga kamba ya mita nne kwenye vigingi vinne upate mita moja ya mraba, hesabuni aina za mimea chini ya mti na kwenye njia inayokanyagwa, mlinganishe. Jiografia na Mazingira: ramani ya shule kwa hatua. Kiswahili kinatoka vizuri chini ya mti kwa ngonjera, lakini sikupendekezei kusomea nje somo ambalo lingekuwa lilelile ndani. Kuhamisha madawati si kufundisha nje.

Wakitaka zaidi, anzisheni klabu. Klabu za Malihai, za uhifadhi wa wanyamapori na mazingira, ziko katika shule nyingi, na Roots & Shoots ilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall akiwa na wanafunzi kumi na wawili.

Mambo yasiyojadiliwa

Hesabu watoto mkitoka na mkirudi, kwa makundi. Wakisikia ngurumo, wote ndani ya jengo. Chini ya mwembe ndipo mahali pabaya kuliko pote. Nyuki wakichokozwa, kimbieni ndani mkifunika uso, msiwapige. Mtoto akiumwa na nyoka, usichanje, usifyonze, usifunge kamba: mtulize, kiungo kisisogee, na apelekwe kituo cha afya. Na usitumie tena uwanja huohuo kwa adhabu. Ukimpigisha mtu magoti Mwembeni Jumatatu, Alhamisi hapatakuwa darasa.

Kazi ya mwaka mzima: daftari la mvua

Chukua chupa yenye ubavu ulionyooka, kata shingo, igeuze kichwa chini ndani ya kitako iwe kama faneli. Weka kokoto chini isipeperuke, mimina maji hadi juu ya kokoto, chora mstari hapo: hiyo ni sufuri. Bandika rula ya karatasi kuanzia hapo. Ifunge kwenye kigingi, mdomo ukiwa kama sentimita 30 kutoka ardhini, mbali na jengo au mti angalau mara mbili ya urefu wake. Soma kila siku saa tatu asubuhi, macho yakiwa usawa wa maji, andika, kisha rudisha maji kwenye sufuri.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Darasa letu lina paa la mita 8 kwa 7. Mvua ya milimita 20 inaliangushia lita 1,120, yaani ndoo 56 za lita ishirini. Darasa la sita walipoipata hesabu hiyo walinyamaza, maana ni wao wanaobeba ndoo kutoka bombani. Karatasi ile ilifika kwenye kikao cha kamati ya shule, na mjumbe mmoja akauliza mfereji wa bati ni shilingi ngapi.

Zamu iwe ya watoto wawili kwa wiki, mmoja anayekaa karibu na shule, ili Jumamosi na Jumapili zisikosekane. Muhula uliopita tarehe moja ilikosa mtu, na mwandishi akajaza sufuri. Mwenzake akaikata kwa kalamu nyekundu akaweka kistari: sufuri ni tulipima ikawa hakuna, hii ni hatukuja. Tangu hapo jalada la ndani la daftari lina maelezo hayo kwa mwandiko wake, na darasa litakalolipokea Januari litayakuta.